Asubuhi ya Kipupwe, Gari Liwake

Leo nataka tuongee juu ya jambo ambalo sisi watu wa bondeni hatulipi uzito unaostahili: kuwasha chombo cha moto wakati wa baridi. Ninaposema chombo, nina maana ya vile vinavyokwenda mahali pasipo na lami. Nina maana ya Land Cruiser mkonga, Land Rover za zamani, trekta la shambani, na pikipiki ambayo siku hizi ndiyo inayofika kila kitongoji.

Najua yupo atakayeuliza, baridi gani hiyo Ruaha? Swali lake lina haki. Ruaha ninayoizungumzia ni huu mji mdogo wa Wilaya ya Kilosa, kwenye barabara itokayo Mikumi kwenda Ifakara, kabla hujavuka mto Ruaha Mkuu kuingia Kidatu. Hapa tunajua joto, tunajua vumbi la magari ya miwa, tunajua mbu. Lakini kuanzia Juni hadi Agosti, upepo wa kusi ukishashika, asubuhi za mkoa wetu wa Morogoro hushuka hadi kama nyuzi 15. Umande unalala juu ya boneti, na pikipiki iliyokuwa inawaka kwa kiki moja mwezi Februari inataka kiki sita.

Halafu tazama chombo cha Ruaha kinakokwenda. Juu ya Kidodi, jirani zetu, kuna milima ya Vidunda, na kwenye milima ile kuna watu, kuna mashamba, kuna shule na wagonjwa. Ukishika barabara kuu kutoka Mikumi, ulioko kama mita 550 kutoka usawa wa bahari, ukapanda Kitonga, utaingia Iringa iliyo juu ya mita 1,500. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kama nyuzi sita. Ukiendelea hadi Mafinga na Njombe, kuna asubuhi utakuta umande umeganda kwenye majani. Dereva aliyelala bondeni jana, leo analala mlimani, na gari ni lile lile, betri ni ile ile, oili ni ile ile.

Jambo ninalotaka ulishike leo ni hili: gari linalowaka alfajiri ya baridi limewashwa tangu jana yake, na pengine tangu mwezi uliopita. Pale unaposhika ufunguo, kazi kubwa imeshafanyika au imeshaachwa. Baridi yetu ya Kilosa haina nguvu ya kuua injini nzima. Inachofanya ni kuutoa nje udhaifu uliokuwa umefichwa na joto.

Tuanze na betri. Ndani ya betri umeme unatokana na kemikali, na kemikali zikipoa zinafanya kazi polepole. Betri inayotoa nguvu zake zote kwenye joto la kawaida hubaki na kama asilimia 80 tu joto likishuka hadi nyuzi sifuri. Sisi hatufiki sifuri hapa Ruaha, ila betri zetu nyingi nazo haziko kwenye asilimia 100. Zimeshazeeka na joto. Joto la Novemba na Desemba ndilo linalozichosha, kisha kipupwe kinakuja kutoa majibu.

Ukiwa na mita, pima betri asubuhi kabla hujawasha kitu. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2, imebaki kama nusu. Gari likishawaka, pima tena: unapaswa kuona kati ya 13.8 na 14.4. Ikiwa chini ya hapo, altaneta haichaji vizuri, na utanunua betri mpya tatu bila kutibu ugonjwa.

Kama huna mita, tumia macho. Washa taa kubwa, kisha jaribu kuwasha gari huku mwenzako anazitazama. Taa zikizima kabisa, betri imechoka au vichwa vyake vimelegea. Taa zikibaki na mwanga wake na stata haizunguki, tazama stata na waya zake. Stata ikizunguka kwa nguvu na gari halishiki, achana na betri, tafuta kwenye mafuta au kwenye joto la silinda. Hilo ni jaribio la nusu dakika, na linakuepusha kubadilisha vifaa kwa kubahatisha.

Fungua boneti sasa utazame vile vichwa viwili vya betri. Kwenye magari mengi ya huku utakuta unga mweupe au wa kijani umezunguka kichwa, na waya umekazwa kwa kipande cha bati au kwa msumari. Hapo umeme unakwama. Fungua nati, anza na upande wa hasi, safisha kwa maji ya moto na brashi ya waya mpaka madini yang'ae, kaza vizuri, kisha paka grisi kidogo kwa juu. Kama betri yako ni ya vifuniko, vifungue uangalie maji. Yakipungua, ongeza maji safi ya betri, usiongeze asidi. Kinachopungua kwa joto ni maji, asidi inabaki mle mle. Ukiongeza asidi unaiunguza betri kwa ndani, nayo itakufa mapema kuliko ungeiacha.

Cha pili ni oili. Oili ikipoa inakuwa nzito kama asali, na stata inalazimika kuikoroga kabla injini haijazunguka. Wengi wetu tunanunua oili ya namba moja, ile SAE 40, kwa kuwa ni rahisi na duka la jirani linayo. Kwa gari lisilotoka bondeni inaweza kukutosha. Kwa gari linalolala Iringa au Makambako, nakushauri oili ya namba mbili, kwa mfano 15W-40, kama kitabu cha gari kinairuhusu. Ile herufi W inahusu majira ya baridi: namba iliyo kabla yake inaeleza oili inavyotiririka ikiwa baridi, na namba ya mwisho inaeleza inavyotiririka injini ikiwa imechemka. Namba ya mbele ikiwa ndogo, oili inakimbia haraka kwenda juu ya injini asubuhi. Zile sekunde chache za mwanzo, kabla oili haijafika kila mahali, chuma kinasuguana na chuma. Ndiyo maana dereva anayewasha na kupiga resi hapo hapo anaila injini yake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye dizeli, kwa sababu magari na matrekta mengi ya porini ni ya dizeli. Mjerumani Rudolf Diesel, aliyeikamilisha injini yake mwaka 1897, hakuiwekea cheche ya kuchoma mafuta. Injini yake inakandamiza hewa mpaka hewa yenyewe inakuwa moto, kisha mafuta yanapulizwa ndani na kuwaka. Injini ya 1HZ, iliyo kwenye mikonga mingi tunayoiona hifadhini Mikumi na kwenye vituo vya afya, inakandamiza hewa zaidi ya mara 22. Lakini silinda ikiwa baridi, chuma kinanyonya lile joto kabla mafuta hayajawaka. Kwa hiyo watengenezaji wakaweka hita plagi, kila silinda na yake, ambazo ncha zake hufikia zaidi ya nyuzi 800. Ile taa ya koili kwenye dashibodi inakwambia subiri. Subiri kweli. Isubiri izime. Ukiwa mlimani na baridi ni kali, zima swichi, washa tena, subiri mara ya pili, ndipo uzungushe.

Kanyaga klachi hadi chini unapowasha, ili stata isibebe pia oili nzito ya gia boksi. Zima taa, redio na feni. Usizungushe stata zaidi ya sekunde kumi au kumi na tano kwa mara moja. Likikataa, iache ipumzike dakika nzima, kwa sababu stata inachemka na betri inahitaji kujikusanya.

Likiwaka, tazama moshi. Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli, huku injini inatikisika, ni mafuta yasiyoungua: kuna hita plagi zilizokufa, au nozeli zimechoka. Injini ya silinda sita inaweza kuwaka huku plagi mbili zimekufa, na dereva akaona ni tabia ya gari. Sivyo, ni ugonjwa, na dawa yake ni rahisi ukiiwahi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni mafuta mengi au hewa kidogo, basi tazama ea klina, maana vumbi la barabara zetu linaijaza kwa muda mfupi.

Kuna tatizo lingine la asubuhi linalowachanganya wengi. Mpira wa mafuta ukiwa na ufa mdogo, usiku dizeli inarudi tenki na hewa inashika nafasi yake. Asubuhi unazungusha mpaka betri inakwisha, na kosa unaipa baridi. Kabla hujaimaliza betri, bonyeza ile pampu ya mkono iliyo juu ya chujio la dizeli mpaka uisikie ngumu, kisha jaribu tena. Fungua pia bomba dogo la chini la chujio utoe maji. Tenki likilala nusu, unyevu wa usiku unageuka matone kwenye kuta zake na kudondokea ndani. Anayejaza tenki jioni amejisaidia.

Msikilizaji, naomba nikuchukue hadi kijiweni kwa bodaboda wa Kidodi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nyota bado zinaonekana. Kijana ameitoa pikipiki yake ndani ya nyumba, sebuleni, inakolala kwa kuogopa wezi. Abiria wake ni mama mwenye ndoo mbili za maharage, anataka kuwahi gari la Morogoro. Kijana anapiga kiki, huku mkono wa kulia unazungusha mafuta kwa hasira. Anapiga tena. Harufu ya petroli inasambaa. Fundi mzee aliyekaa pembeni na kikombe cha kahawa anamwambia, "Mwanangu, umeshainywesha ikashiba. Iache kidogo." Anainuka, anarudisha choki chini, anamwambia azungushe mafuta mpaka mwisho na apige kiki nne bila papara ili petroli iliyozidi itoke. Kiki ya tano inashika. Mzee anairudisha ekseleta taratibu na kuisikiliza.

Mzee yule alikuwa anafanya kitu chenye sababu. Petroli ikiwa baridi haigeuki mvuke kwa urahisi, na kinachowaka ni mvuke. Choki inapunguza hewa ili mchanganyiko uwe na mafuta mengi zaidi. Kwa hiyo utaratibu mzuri wa asubuhi ni huu. Fungua mafuta. Pandisha choki yote, usiguse ekseleta. Swichi ikiwa imezimwa, piga kiki mbili za polepole ili oili ilegee na mafuta yavutwe. Kisha washa swichi, piga kiki moja ya uhakika. Ikishika, iache ingurume yenyewe, na baada ya dakika moja hivi shusha choki nusu, kisha yote. Ukisahau choki imepanda, plagi inakuwa nyeusi na petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, na kesho asubuhi itakuwa ngumu kuliko leo.

Na hapa nasema kwa uzito. Pikipiki inayolala sebuleni usiiwashie sebuleni. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na kwenye chumba kilichofungwa kwa baridi, watoto wakiwa wamelala chumba cha pili, inaua kimya kimya. Isukume nje kwanza, hata kama mvua inanyesha.

Yapo mambo mengine tunayoyafanya kwa mazoea ambayo ningependa tuyaache. La kwanza ni kupuliza dawa ya kuwashia, au kuweka kitambaa chenye petroli mdomoni mwa njia ya hewa ya injini ya dizeli. Hita plagi zikiwa zinawaka, mvuke ule unalipuka kabla ya wakati wake. Pistoni zimevunjika kwa njia hiyo, na mikono ya watu imeungua. La pili ni kuchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli kwa imani kwamba gari litawaka upesi. Mafuta ya taa hayana ulainishaji wa kutosha kwa pampu, na pampu ya dizeli ni mali ya bei kubwa. Tunakumbuka uchakachuaji wa mafuta ulivyoitesa nchi hii mpaka mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuukomesha. Usiurudishe kwenye tenki lako kwa mkono wako mwenyewe.

La tatu ni kuegesha mteremkoni kila siku ili asubuhi liserereke na kushikia gia. Ukifanya mara moja kwa dharura, naelewa. Ikigeuka kuwa utaratibu, unaficha betri mbovu, na unajiweka hatarini. Injini ikiwa imezimwa, breki hazina msaada wake na usukani ni mzito. Kwenye miteremko ya Vidunda, hilo ni jambo la uhai na kifo.

La nne linawahusu mafundi wetu, na nalisema kwa heshima. Gari likichemka kupanda Kitonga, wengi wanatoa thamostati na kuitupa. Wanasema nchi yetu ni ya joto, haihitajiki. Thamostati ndiyo inayozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifike kwenye joto lake la kazi, mara nyingi nyuzi 82 hadi 88. Ukiitoa, kipupwe kikifika injini inakwenda kilomita nyingi ikiwa baridi. Inakula mafuta zaidi, oili inachafuka haraka, na chuma kinalika. Gari linalochemka lina sababu yake: rejeta imeziba, feni imechoka, maji ya bomba yameleta kutu. Tutibu sababu, na thamostati irudi mahali pake.

Wazee wa Land Rover watakumbuka hendeli, ule mpini uliopita kwenye bampa ya mbele. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilileta stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, lakini Land Rover za porini ziliendelea kubeba hendeli kwa miaka mingi, maana porini betri ikifa hakuna wa kumpigia simu. Aliyefundishwa vizuri aliambiwa aweke dole gumba upande mmoja na vidole vingine, asilizungushie mpini, kwa sababu injini ikirudisha inaweza kuvunja mkono. Tunachoweza kurithi kwao ni ile nidhamu. Dereva wa zama zile alijua chombo chake kitamdai nguvu za mikono asubuhi, basi jioni alikitunza.

Kwa nini nalisisitiza hili kwa muda wote huu? Kwa sababu upande wa pili wa gari linalogoma yupo mtu anayesubiri. Nchini tunao mfumo wa m-mama: mama mjamzito mwenye dharura, au mtoto mchanga anayeumwa, anaombewa usafiri kwa kupiga simu ya bure namba 115. Gari la wagonjwa lisipopatikana, anaitwa dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyekubali kufanya kazi hiyo. Sasa fikiria simu ile inaingia saa tisa usiku wa Julai, mama yuko kijiji cha mlimani, na anatakiwa afikishwe hospitali ya Mtakatifu Kizito pale Mikumi. Dereva ana moyo, barabara anaijua, mafuta anayo. Kinachoamua kama ataondoka dakika ile au baada ya saa nzima ya kutafuta watu wa kusukuma ni betri aliyoisafisha au kuiacha wiki tatu zilizopita.

Ndivyo ilivyo pia kwa mkulima wa miwa anayelingoja trekta alfajiri, kipupwe kikiwa ndicho kinachoingiza watu kwenye mavuno. Ndivyo ilivyo kwa mwalimu anayeshuka kutoka mlimani na mitihani mgongoni. Huku kwetu, chombo kimoja hubeba mahitaji ya kitongoji kizima, na kikilala, wamelala wote.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenye vyombo, iwe ni mtu binafsi, halmashauri ya kijiji, shule au kikundi cha ushirika. Dereva akikwambia betri imechoka, au hita plagi mbili zimekufa, mwamini na mpe fedha ya kununua. Wengi wanamlaumu dereva gari likigoma, wakati alishaomba kifaa tangu Machi akaambiwa avumilie. Tenga fedha ya matengenezo kila mwaka mwezi Mei, kabla baridi haijaanza. Na wewe dereva, usingoje mpaka chombo kikatae. Kikianza kuchukua sekunde mbili zaidi ya kawaida kuwaka, kimeshakwambia. Andika kwenye daftari, mwambie mwenye mali siku hiyo hiyo.

Kipindi hiki kikiisha, anza na kitu kimoja tu: spana namba kumi, nati mbili za vichwa vya betri, brashi na maji ya moto. Ni kazi ya robo saa. Ukimaliza hiyo, jioni jaza tenki, na kesho asubuhi ipe hita plagi muda wake na injini dakika yake kabla hujaondoka. Kazi zote hizo ziko ndani ya uwezo wetu hapa Ruaha, na hazihitaji fundi wa mjini.